Intaneti Inakatika Tangu Mke Wangu Afariki

Masatu wa Bweri, ulipotelea wapi wewe? Kutoka kwako hadi hapa kwangu Iringo, mtu akipanda bodaboda chai yake haijapoa keshafika, na wewe una miaka mitatu hujakanyaga mlango wangu. Mara ya mwisho mlikuja wawili, wewe na Yunis wako, mmebeba samaki, sato wakubwa, kwenye mfuko, kunishukuru kwa yale niliyowaambia mlipokuwa mnavutana na wazee juu ya harusi. Yule binti hata kuketi hakuketi. Alipita moja kwa moja hadi uani akaniosheA vyombo vya tangu jana yake, hakuna aliyemtuma, nikasema moyoni, huyu ni wa kwangu. Leo ndiyo napata habari zake, tena kwa barua, tena katikati ya maneno ya laptop! Miezi kumi nimekuwa nikimhesabu Yunis kuwa yuko hai. Wiki iliyopita tu nimeshika sufuria yenye masizi nikasema, ile siku yule binti aliisugua hii ikang'aa, ngoja atakuja tena. Nina hasira na wewe, na utaipata huko mbele.

Wasomaji wengine mnivumilie. Mimi shule sikwendaga, mnajua, barua zenu ananisomea Anastazia hapa gazetini na ninachosema ndicho anachoandika. Hii aliisoma akaishia njiani mara mbili, akaenda kunywa maji. Nimemwambia aiweke kama ilivyo.

*

Bibi Robi, shikamoo. Sijui kama bado unanikumbuka, mimi ni Masatu, tulikuja kwako na sato, na hata kuandika naona aibu maana ni shida inayonirudisha, ila nimekwama na sina mwingine wa kumwambia, ukinicheka nitavumilia.

Bibi, shida yangu ni laptop. Kazi yangu ni ile ile ya kusikiliza sauti, yaani watu wa utafiti wanawahoji wakulima wa pamba na wafugaji huko Bunda na kwingine, wananitumia zile sauti kwa intaneti, mimi navaa hedifoni nasikiliza neno kwa neno naandika, kisha nawarudishia kabla ya saa kumi jioni, na sasa tangu nianze tena kazi baada ya arobaini ya Yunis (Bibi nisamehe, naona nimeandika kabla sijakuambia, Yunis alifariki, ni miezi kumi sasa, presha ilimwangusha, tulimzika kwetu Kibara) intaneti haitulii kabisa. Nakaa chumbani kwenye meza ile ile ninayokaaga siku zote, laptop inaonyesha imeshika, mistari miwili, mara mmoja, mara inaandika kwamba imeunganishwa lakini intaneti hakuna, mara inapotea kabisa kama vile humu ndani hakuna ruta, halafu baada ya robo saa inarudi yenyewe, nikianza kutuma faili linafika nusu linakatika, naanza upya linakatika, saa kumi inapita, na bosi ameshaniandikia mara mbili kwamba nikichelewesha tena kazi atampa mtu mwingine.

Nimefanya kila kitu Bibi. Fundi Felisian wa hapo Iringo ameishughulikia mara nne, mara ya kwanza alifuta ile programu inayoendesha wifi akaweka mpya, mara ya pili akazima ile sehemu ya kubana matumizi ya umeme kwamba ndiyo inailaza wifi laptop ikitulia, mara ya tatu akanielekeza kwa simu nizime ruta niiwashe na nibadilishe chaneli labda inagongana na za majirani, mara ya nne akaniuzia kiantena kidogo cha kuchomeka pembeni. Na cha ajabu, pale kwenye banda lake laptop inashika kutwa nzima haikatiki hata mara moja, nikirudi Bweri nusu saa tu imekufa, mpaka Felisian akaniambia, "Kaka Masatu, laptop yako nzima, labda nyumba yako ndiyo mbovu," akacheka, mimi sikucheka. Alinifundisha pia kwamba ikigoma niifanye laptop iusahau kabisa ule mtandao kisha niuingize upya kwa neno la siri, na neno la siri aliliwekaga Yunis, ni jina la mama yake mzazi, Nyangeta, na tarakimu mbele yake, kwa hiyo naliandika mara sita mara saba kwa siku. Felisian alitaka tulibadilishe nikamkatalia.

Humu ndani kila kitu kiko vile vile, kilichobadilika ni kwamba Yunis hayupo. Viti viko palepale, pazia ni lile lile alilolishona, ruta iko juu ya kabati la sebuleni pale pale alipoiweka yeye, sema imesukumwa nyuma kwa ajili ya sanduku lake la bati la nguo, lile la bluu, ambalo dada yake Agness alilipanga siku ya arobaini akalifunga kwa kamba akalipandisha pale juu, akaniambia, "Shemeji, hili lisifunguliwe hapa, utalileta Butiama kwa Mama mwenyewe, wanawake walifungue walie wagawane," nami nikasema wiki ijayo nitalileta, halafu kazi zikanibana, halafu mvua, halafu Krismasi, na Agness alipigaga simu mwanzoni, sasa hapigi.

Majirani wameanza kusema. Mama Bernado wa nyumba ya pili ananiambia marehemu hajaridhika, hataki niifanye ile kazi, nihame tu nyumba ile kabla hajanikatia na kingine. Mimi ni mtu wa kanisani Bibi, lakini nikikaa peke yangu pale mezani mistari ile inapungua mmoja mmoja nikiiangalia, naanza kuamini, kwa sababu kuna kitu ambacho sijamwambia mtu.

Siku ile Yunis alipoanguka watu wote wanajua nilikuwa nimekwenda dukani kununua mkaa. Sikuwa dukani. Nilikuwa chumbani, pale pale mezani, nimevaa hedifoni namsikiliza mzee mmoja anaeleza habari za ng'ombe wake, na intaneti siku ile ilikuwa nzuri kuliko siku zote, na kilichonitoa ni harufu ya maharage kuungua, nilipovua hedifoni nyumba ilikuwa kimya, nikaenda jikoni nikamkuta chini, mwiko uko mkononi. Mama Bernado aliponiona tunampakia kwenye gari akasema, "Nilimsikia akikuita, Masatu, Masatu, kama mara tatu, nikajua upo," na mimi mdomo wangu ukasema wenyewe, "Nilikwenda dukani." Sasa nimeshawaambia wote hivyo, Agness, wazee wa Kibara, padri, na nikifika Butiama na sanduku lile najua Mama mkwe atauliza, mwanangu alipoanguka wewe ulikuwa wapi, na siwezi kumwambia la dukani yeye, wala siwezi kumwambia lile lingine.

Kwa hiyo Bibi nimepata chumba hapo Iringo, wanasema intaneti inashika vizuri, mwisho wa mwezi nataka nihame, ile nyumba ya Bweri tuliijenga wote wawili, Yunis alikuwa anasomba maji ya kumwagilia matofali, sijui nitamwachia nani, lakini naona yeye ndiye hanitaki ndani. Nisaidie, nihame au nisihame?

Ni mimi, Masatu, Bweri.

*

Masatu, baba, pole. Nakupa pole ya miezi kumi yote kwa mara moja maana hukunipa nafasi ya kukupa kidogo kidogo. Nimelia, nimemaliza, nimejifuta na kitenge, sasa nisikilize.

Nianze na laptop, ndiyo rahisi. Mimi mashine hiyo sijawahi hata kuigusa. Ila niliolewa na mtu wa redio. Mzee wangu alikuwa na redio ya mawe manne, yaani betri, na taarifa ya habari ya mchana ilikuwa haimpiti, hata kama ng'ombe wameingia kwenye shamba la watu. Mwaka mmoja tulivuna mtama mwingi, nikapanga madebe dirishani, redio ikabaki nyuma yake. Ikaanza kukwaruza. Mzee akabadilisha mawe. Akavuta antena. Akaifungua akaipuliza vumbi. Akaifunga kwenye baiskeli akaipeleka kwa fundi Bunda, fundi kaiwasha, inaongea safi. Karudi nayo nyumbani, inakwaruza. Akaanza kuniambia kuna jirani ana jicho baya na redio yetu. Siku moja nafagia, nikasogeza debe moja pembeni, na yule msomaji wa habari akaongea kama amekuja kuomba chumvi jikoni kwangu. Mzee hakunisemesha siku mbili kwa aibu.

Haya, sasa irudie barua yako mwenyewe. Kwa Felisian laptop inashika kutwa, nyumbani inakufa. Basi ugonjwa hauko kwenye laptop, hata ungeipeleka Mwanza. Umeniandikia "kila kitu kiko vile vile", na pumzi hiyo hiyo ukaniandikia kwamba sanduku la bati limepandishwa juu ya kabati na ruta imesukumwa nyuma yake. Baba, hicho kidude kimebanwa kati ya bati na ukuta! Kitakufikiaje chumbani? Anastazia amemuuliza kijana anayetengeneza kompyuta za hapa gazetini, naye amesema ndivyo, bati linazuia, kinachokufikia ni makombo yanayopita pembeni, ndiyo maana mara ipo mara haipo. Mmefungua matumbo ya laptop mara nne, wewe na Felisian wako, na hakuna hata mmoja aliyeinua macho juu ya kabati.

Felisian namsamehe, hakufika kwako. Wewe unapita mbele ya lile sanduku kila siku na huliangalii. Najua kwa nini huliangalii. Tutafika.

Leo hii, ukimaliza kusoma, beba laptop uende nayo sebuleni, kaa upande ule ambao ruta unaiona kwa macho. Itashika. Halafu panda kwenye kiti, ishushe hiyo ruta, sanduku usiliguse, upigilie msumari ukutani juu, upande unaotazamana na mlango wa chumba chako, uitundike pale, pasiwe na bati wala kabati la chuma mbele yake. Rudi mezani kwako, tuma faili la watu. Ikigoma tena, njoo uninyoe nywele.

Na usinitajie tena habari ya kwamba Yunis anakukatia. Binti aliyeosha vyombo vya bibi asiyemjua ndiye aje akae juu ya kabati anakuchomolea intaneti? Hiyo ni kazi ya watu walio hai wasio na shughuli. Mama Bernado mwambie Bibi Robi anamsalimia na anaomba arudi jikoni kwake apike.

Kuhama, sitaki kusikia. Nyumba ambayo mwanamke alisomba maji ya matofali yake kwa kichwa, uiache iote majani kwa sababu ya ruta? Tena ukihama utahama na lile sanduku. Utafika Iringo, utatafuta kabati refu, utalipandisha pale juu, na intaneti ya Iringo nayo utaiita mbaya.

Basi, la laptop limekwisha. Sasa huna pa kujifichia, tumebaki mimi na wewe na la maharage yaliyoungua.

Masatu, kutosikia sikuhukumu. Uliziba masikio kwa kazi, kazi iliyokuwa inanunua hayo hayo maharage, mchana, ndani ya nyumba yako, ukijua mke wako yuko jikoni mzima. Hata kama ungesikia mara ya kwanza ukakimbia, presha ikishamwangusha mtu hivyo, hakuna anayejua ungemkuta vipi. Mimi sijui. Wewe hujui. Na hutajua, hilo utaishi nalo, sitakudanganya kwamba litaisha.

La dukani nakuhukumu. Najua lilivyotoka, lilitoka lenyewe, mdomo wa mtu aliyefiwa unasema chochote. Lakini ulipata siku ya mazishi ya kulirudisha. Ukapata arobaini. Ukapata Krismasi. Na angalia lilivyokufanyia. Mama yake Yunis unaliandika jina lake mara saba kwa siku, herufi kwa herufi, Nyangeta, Nyangeta, unaingia nalo kazini, unapata riziki nalo, na mwenyewe huyo aliye hai, hapo Butiama ambapo hata nusu siku humalizi barabarani, miezi kumi hujamsalimia. (Tarakimu ulizoziandika ndizo peke yake nilizokataza zisitoke gazetini. Anastazia anasema majirani wangekuingilia kwenye intaneti yako.)

Sasa nikuambie kitu, na hiki sikisemi mara nyingi hapa gazetini.

Mimi nilimzika binti. Alikuwa ameolewa mbali, alifariki kwa uzazi, mtoto naye hakukaa. Mkwe wangu tulimwona siku ya mazishi, kichwa chini, na baada ya hapo hakuja. Watu wakawa wananiambia anazikalia nguo za mwanao, mdai nguo. Nguo nilikuwa nazitaka za nini? Binti yangu alikuwa mwembamba, gauni zake zingeniingia mkono mmoja. Nilikuwa nataka mtu aliyekuwepo asubuhi ile aniambie. Aliamkaje? Alikunywa chai au aliikataa? Alikuwa amevaa nini? Alimtuma nani, alicheka na nani, alilalamika kichwa au mgongo? Mama anajua mtoto wake alivyozaliwa, saa, mvua ilivyonyesha, nani alishika taa. Upande ule mwingine, wa alivyokufa, hajui. Aliyeujua alikuwa mtu mmoja, naye alikuwa ananikimbia kwa aibu, nafikiri hivyo, kwa sababu alikuwa analima siku ile na hakuitwa mapema. Alikuja mwaka wa nne na mke mwingine, na mbuzi. Nilimkaribisha, akala. Lakini nilikuwa nimeshazoea kutojua, na nilipotaka kuuliza niliona swali limekauka. Mpaka leo sijui mwanangu alivaa nini.

Kwa hiyo usiniambie unaogopa swali la Nyangeta. Iogope siku atakapoacha kuuliza.

Utafanya hivi. Kwanza mpigie Agness, usitume meseji, piga. Atakuwa amenuna, mwache anune, ana haki. Mwambie, "Shemeji, nalileta sanduku Jumamosi, na nimechelewa kwa kosa langu." Usiseme mvua.

Pili, huwezi kwenda kwa mkwe wako peke yako kama muuza mitumba. Mwite shangazi yako wa Kibara aje Ijumaa alale kwako, muondoke pamoja asubuhi. Sanduku mlishushe mlifute vumbi kwa nje, kamba ya Agness msiifungue, hata kama unatamani kunusa nguo zake mara moja tu. Najua unatamani. Nimefunga masanduku mengi. Kwenye gari la Butiama usikubali walirushe juu ya paa pamoja na magunia, lisimame kati ya miguu yako.

Mkifika, heshima ni ile ile ya kwetu, mkwe humkazii macho wala huketi naye jamvi moja. Shangazi aingie ndani na sanduku, wanawake walifungue, walie. Wewe kaa nje. Utawasikia wakitaja kila nguo, sare ya kwaya, kitenge cha harusi, sweta, na kila moja itakukata. Kaa hapo hapo. Usitoke kwenda kuongea na simu.

Wakimaliza kulia, mwombe shangazi amwambie Mama Nyangeta kwamba una neno. Hilo usimtume shangazi akusemee, nakukataza. Macho yako yaangalie chini kama desturi inavyotaka, lakini mdomo uwe wako. Sema, "Mama, siku ile sikuwa dukani. Nilikuwa chumbani, nimeziba masikio kwa kazi, aliniita sikusikia." Basi. Usiongeze presha, usiongeze daktari, usiseme Mungu alipenda, huyo Mungu mwenyewe atajua namna ya kumwambia. Ukishasema hivyo, mwache kwanza alie.

Halafu mwambie asubuhi ile. Yote unayoyakumbuka. Alivyochagua yale maharage, alivyokuwa amefunga kichwa, kama alikuwa anaimba wimbo wa kwaya au alikuwa anakugombeza juu ya soksi. Mpe yote, usibakize hata dogo, hata la aibu. Wewe ndiye uliyenayo peke yako duniani, na kwa miezi kumi umeyafunga pamoja na nguo.

Sitakuahidi atakukumbatia. Anaweza kulia vibaya. Anaweza kusema toka kwangu. Akisema toka, toka, usijitetee, sanduku liache, shangazi abaki naye kidogo. Urudi Bweri, uwashe mashine yako, ufanye kazi. Na Jumapili baada ya misa umwambie padri, maana yeye naye ulimpa la duka. Mama Bernado mwache, yeye hata ukimwambia ukweli ataongeza nyanya.

Kwangu utakuja, hilo sikuombi, nakuambia. Sato usilete. Njoo na mkono wa kuosha vyombo, maana vipo.

Lakini kabla ya kwangu, utarudi Butiama mara ya pili, kabla mahindi hayajakauka. Alikufukuza au alikupokea, utarudi. Na safari hiyo usibebe kitu. Hata sukari usibebe, hata mkate. Mara ya kwanza ulikuwa na mzigo wa kupeleka, na mtu mwenye mzigo watu wanaangalia mzigo. Mara hii atoke mlangoni akuone wewe tu, mikono haina kitu, umekuja kumwangalia yeye. Piga hodi kwa nguvu, sisi wazee masikio yetu mazito. Asipoitika usiseme hayupo, usirudi barabarani. Simama hapo hapo, Masatu, upige tena.